Blackjack: jinsi ya kucheza ili kasino isikule kirahisi

Watu wengi wakikaa kwenye meza ya blackjack kichwani wana kitu kimoja tu, kufika 21, na hapo hapo ndo hela inaanza kutoka mfukoni, maana mchezo huu hauchezwi kwa kukimbilia 21, unachezwa kwa kumwangalia dila. Dila, yani yule anayegawa karata kwa niaba ya kasino, ana karata moja iko wazi mbele ya macho yako, na hiyo moja ndo inakuambia ufanye nini na zako. Unaweza ukashinda na 13. Unaweza ukaliwa na 20. Ukishalielewa hilo mengine yote ni mazoezi.

Na niseme mapema tusije tukadanganyana, kasino haijafunguliwa ili ikutajirishe. Ukicheza vizuri kabisa, kwenye meza yenye sheria nzuri, kasino bado inabaki na faida ya kama asilimia 0.5, yani kwenye kila 100 unayoweka mezani yenyewe inategemea kubaki na nusu ya 1. Ukicheza kwa hisia hiyo asilimia inapanda, inafika 2, 3, wengine mpaka 5. Kwahiyo karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kazi yake ni kuishusha hiyo asilimia, ikiwa chini hela yako inakaa muda mrefu mezani na siku za kuondoka na faida zinakuwa nyingi zaidi. Kuna njia moja tu ya kuivuka kabisa, kuhesabu karata, hiyo nitaifikia.

Kwa asiyejua kabisa, haraka haraka. Karata za 2 mpaka 10 zina thamani ya namba yake, J, Q na K zote ni 10, ree yani ile A ni 1 au 11, inayokufaa. Unapewa mbili, dila nae mbili, moja wazi moja kafunika. Ukizidi 21 umeungua, dau limeondoka. Ukimpita dila au dila akiungua unalipwa sawa na dau lako, mkilingana ni sare unarudishiwa chako. Ree na karata ya 10 kwenye zile mbili za kwanza ndo blackjack yenyewe, hiyo inalipwa zaidi. Dila yeye hana uamuzi wowote, sheria inamlazimisha aombe karata mpaka afike 17 au zaidi ndo atulie.

Sasa kasino inapata wapi faida kama sheria zinaonekana sawa kwa wote? Inapata kwenye zamu. Wewe unacheza kwanza, ukiungua dau linachukuliwa pale pale, na hata kama dila nae akija kuungua dakika moja baadae hamna cha kurudishiwa. Hiyo tu ndo siri yote. Dila anaungua kama mara 28 katika raundi 100, na kuna watu wanaona ujanja ni kumuiga, eti yeye si ndo anashindaga, wanaomba mpaka 17 kama yeye, hao faida ya kasino juu yao ni kama asilimia 5 na nusu. Kuna wengine waoga, wakifika 12 hawagusi tena karata wakisubiri dila aungue, hao wanachangia karibu asilimia 4. Njia sahihi iko katikati, na inabadilika kila dila anapofunua karata yake.

Kabla hujakaa, soma meza

Hapa ndo watu wanapoteza hela nyingi kabla hata ya kuanza kucheza, na ndo sehemu rahisi kuliko zote kwa sababu haihitaji akili ya hesabu, inahitaji macho tu. Angalia kitambaa cha meza, kuna maandishi yanayosema blackjack inalipa ngapi. Unatafuta 3 kwa 2. Ukiona 6 kwa 5 ondoka, haijalishi meza imechangamka kiasi gani au kiwango cha chini ni kidogo kiasi gani.

Tupige hesabu uone. Dau lako ni 100. Kwenye 3 kwa 2 ukipata blackjack unalipwa 150, kwenye 6 kwa 5 unalipwa 120, umenyang'anywa 30. Blackjack inakuja kama mara moja kila raundi 21, na meza ya kawaida inaweza kwenda raundi 70 kwa saa, kwahiyo ndani ya saa moja utaipata kama mara tatu na kitu, zidisha na 30, unakuta umeacha dau zima la 100 kwa sababu tu ya maandishi kwenye kitambaa. Kwa asilimia ni kama 1.4 inaongezeka kwenye ile 0.5, yani kasino inakula karibu mara nne zaidi na wewe umecheza vizuri vile vile. Mchezaji mzuri kwenye meza ya 6 kwa 5 anaweza akawa na hali mbaya kuliko mchezaji wa kawaida tu kwenye meza ya 3 kwa 2.

Kingine cha kusoma ni dila anafanya nini akiwa na 17 yenye ree, mfano ree na 6. Meza nzuri anatulia, meza mbaya anaomba, tofauti ni kama asilimia 0.2 dhidi yako. Unaweza ukashangaa kwann dila kuomba ni mbaya kwako wakati anaweza akaharibu, ila kumbuka 17 ni jumla dhaifu sana, na kwa sababu ree inaweza kushuka ikawa 1 hawezi kuungua kwa karata moja, anapata nafasi ya bure ya kujiboresha. Halafu uliza kama unaruhusiwa kudabo, yani kuongeza dau mara mbili, baada ya kutenganisha jozi, yani kugawa karata mbili zinazofanana ziwe mikono miwili kila mmoja na dau lake, na kama kuna kusalimu amri, yani kuacha mkono ukarudishiwa nusu ya dau. Vyote viwili ni faida kwako. Idadi ya pakiti za karata nayo ina mchango, chache ni nzuri zaidi, ila usije ukaona meza ya pakiti moja ukaikimbilia bila kusoma malipo, mara nyingi hizo ndo zinalipa 6 kwa 5.

12 mpaka 16, hapa ndo pa kutulia kichwa

Jumla kavu, yani isiyo na ree ya kuhesabiwa 11, kuanzia 12 mpaka 16 ndo sehemu inayoumiza. Ukiomba unaweza kuungua, ukitulia huwezi kushinda mpaka dila aungue. Na zinakuja mara nyingi mno, kwahiyo ukizijua hizi tu umeshajiweka mbele ya watu wengi mezani.

Kanuni ni hii. Dila akiwa na 2 mpaka 6 wazi, wewe una 13 mpaka 16, tulia. Dila akiwa na 7 mpaka ree, omba mpaka ufike angalau 17. Ukiwa na 12 unatulia kwa 4, 5 na 6 tu, kwa 2 na 3 unaomba. Kuanzia 17 kavu na kwenda juu unatulia daima, hata dila awe na nini.

Sababu iko kwenye kuungua kwa dila. Akiwa na 5 au 6 wazi anaungua kama mara 42 kwenye 100, na 4 kama mara 40, na 2 kama mara 35. Akifika 7 inaporomoka mpaka kama 26, na kwenda juu inazidi kushuka. Hiyo ngazi kati ya 6 na 7 ndo mstari wenyewe wa mchezo. Chini ya hapo yeye ndo yuko kwenye shida, muache ajimalize mwenyewe, juu ya hapo mchukulie kama ameshafika 17 au zaidi, wewe na 14 yako unasubiri nini.

Watu hubishana sana kuhusu 16 dhidi ya 10, na kwa kweli ni mkono mbaya kuliko yote utakayokutana nayo mara kwa mara. Ukiomba, karata nane kati ya kila 13 zinakuunguza, ni kama asilimia 62. Ukitulia unashinda kama mara 23 tu kwenye 100. Ukikokotoa mpaka mwisho njia zote mbili zinakupotezea kama 54 kwenye kila 100 uliyoweka, kuomba kunazidi kidogo mno kwa uzuri, tofauti ambayo hutaiona maisha yako yote. Kwahiyo ukiomba ukaungua usianze kujilaumu, hukukosea. Kama hiyo 16 umeifikisha kwa karata tatu au zaidi, mfano 4, 5 na 7, hapo kutulia kunakuwa bora kidogo, maana zile karata ndogo ambazo zingekuokoa nyingine umeshazitumia mwenyewe. Na kama meza ina kusalimu amri, salimu tu, unatoa 50 badala ya kupoteza 54, ni faida hiyo hata kama moyo unakataa. Kusalimu amri kunafaa kwa 16 dhidi ya 9, 10 na ree, na 15 dhidi ya 10, basi. Usilifanye zoezi la kila ukiogopa.

Na kuna ile imani kwamba aliyekaa kiti cha mwisho akiomba vibaya "anachukua karata ya dila" na kuwaunguza wote. Achana nayo kabisa. Mara nyingine karata aliyochukua ingewaua, mara nyingine ingewaokoa, kwa ujumla inalingana, ila binadamu anakumbuka zile zilizomuumiza tu.

Kudabo, hapa ndo unakula

Tofauti na kutulia na kuomba ambako unajilinda, kudabo ni pale wewe una nguvu na dila kaduwaa, unaongeza dau lingine sawa na la kwanza unapewa karata moja tu ya ziada. Mtu anayeogopa kudabo anaachia sehemu kubwa ya faida yake, maana zile raundi mbaya hazina jinsi utalipa tu, sasa na zile nzuri ukizichezea dau dogo utafidia na nini.

11, dabo dhidi ya kila karata isipokuwa ree (na kama dila wa meza hiyo anaomba kwenye 17 yenye ree, basi dabo hata dhidi ya ree). 10, dabo dhidi ya 2 mpaka 9. 9, dabo dhidi ya 3 mpaka 6. 8 kushuka chini omba tu. Karata zenye thamani ya 10 ni 16 kwenye pakiti ya 52, karibu theluthi, ndo maana 11 ni tamu hivyo.

Jumla zenye ree ndo wengi wanachemka. Uzuri wake ni kwamba huwezi kuungua kwa karata moja, ree inashuka tu inakuwa 1, kwahiyo ukiwa na ree na 6 hiyo 17 usiikumbatie kamwe, 17 haimpiti mtu, omba, na dila akiwa na 3 mpaka 6 dabo. Ree na 2 au 3 unadabo kwa 5 na 6, ree na 4 au 5 unadabo kwa 4 mpaka 6, nje ya hapo unaomba. Ree na 8 au 9 tulia, umeshapata.

Halafu kuna ree na 7. Ni 18, inaonekana nzuri, mtu anatabasamu anapunga mkono. Ila tuseme dila ana 9. Nyuma ya hiyo 9 karata inayokuja kwa wingi kuliko zote ni ya 10, yani 19, na 18 yako imekufa. Ukitulia hapo, kwa muda mrefu unapoteza kama 18 kwa kila 100, ukiomba unapoteza kama 10. Bado unapoteza, sikatai, ila nusu yake. Kwahiyo ree na 7 inachezwa hivi, dhidi ya 2, 7 na 8 tulia, dhidi ya 3 mpaka 6 dabo, dhidi ya 9, 10 na ree omba. Ukimuona mtu anacheza hiyo sawasawa jua huyo amekaa chini akajifunza.

Jozi sitazikalia sana. Ree mbili na 8 mbili tenganisha daima, ree kwa sababu kila moja inaanza na 11, 8 kwa sababu mbili pamoja ni ile 16 mbaya. 10 mbili usiguse, 20 ni 20. 5 mbili ichukulie kama 10 ya kawaida. 9 mbili tenganisha dhidi ya 2 mpaka 6, 8 na 9, dhidi ya 7 tulia maana dila huenda ana 17 na wewe una 18. 2, 3 na 7 tenganisha dhidi ya 2 mpaka 7, 6 dhidi ya 2 mpaka 6, 4 dhidi ya 5 na 6 tu. Hizi ni kwa meza inayoruhusu kudabo baada ya kutenganisha, isiporuhusu punguza kidogo, 4 usitenganishe kabisa, na 2 na 3 anzia kwenye 4 ya dila. Na kuna meza ambazo dila hachukui karata yake ya pili mpaka wote mmalize, hapo akiwa na 10 au ree usiongeze dau lolote kwa kudabo wala kutenganisha 8, maana akitoa blackjack anabeba vyote.

Haya yote hayajatungwa mtaani. Wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walikaa na mashine za kawaida za hesabu wakakokotoa kila mkono na kuchapisha matokeo 1956, halafu mwanahisabati Edward Thorp akarudia kwa kompyuta kubwa ya IBM pale MIT akayaboresha. Jedwali linalotumika leo, yani karatasi inayoonyesha ufanye nini kwa kila mkono dhidi ya kila karata ya dila, ni lile lile kasoro marekebisho madogo. Na kasino nyingi zinaruhusu uliweke mezani ukiwa unacheza, sio aibu, litoe.

Bima na vidau vya pembeni

Dila akifunua ree atakuuliza kama unataka bima, yani dau la nusu linalolipa 2 kwa 1 kama ana blackjack. Jibu ni hapana. Katika kila karata 13 nne tu ni za 10, kwahiyo ukiweka bima ya 50 mara 13 unashinda nne unapata 400, unapoteza tisa zinaondoka 450. Hata ukiwa na blackjack wewe mwenyewe dila akakuambia uchukue malipo sawa na dau moja kwa moja, hiyo ni bima ile ile imevalishwa nguo nyingine, kataa.

Vile viduara vya pembeni vinavyolipa ukipata jozi ya rangi moja au karata zako mbili na ya dila zikaungana, vinalipa vikubwa kwa macho ila faida ya kasino kule inaweza kuwa mara kumi au zaidi ya mchezo wenyewe. Pita.

Hela na mwendo wa dau

Hata ukicheza bila kosa lolote matokeo yanapanda na kushuka sana. Ndani ya raundi 100 kwa dau moja moja, kuwa juu au chini kwa madau 11 ni jambo la kawaida kabisa, na kupoteza 20 kunatokea bila mtu yeyote kukufanyia dawa. Kwahiyo ukienda kucheza beba angalau madau 40 ya kiwango chako, na iwe hela ambayo kesho ukiamka haipo hakuna kitu kitakwama nyumbani. Ukiwa na 2,000 mfukoni meza yako ni ya 50, sio ya 200. Ikiisha imeisha, kwenda kutoa nyingine saa hiyo hiyo ndo mwanzo wa balaa, na ukijiona unacheza ili urudishe, au unakopa, au unaficha nyumbani, hapo mbinu za karata haziwezi kukusaidia, acha na ongea na mtu.

Kuhusu ule mfumo wa kuongeza dau mara mbili kila ukiliwa. Unaanza na 100, ukiliwa 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400, ukiliwa mara saba mfululizo umeshatoa 12,700 na dau linalofuata ni 12,800, yote hiyo ili ushinde 100. Kuliwa saba mfululizo kunatokea kama mara moja katika kila 90 unapoanza upya, sio kitu cha nadra hata kidogo, na kabla hujafika huko meza nyingi kiwango chake cha juu kimeshakuzuia. Karata hazikumbuki kwamba umeliwa. Weka dau lile lile, basi.

Kupunguza kasi nako kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kasino inakula asilimia kwa kila raundi, kwahiyo meza yenye watu watano inayokwenda taratibu inakugharimu kidogo kuliko kukaa wewe na dila peke yenu mkikimbizana.

Kuhesabu karata

Hii ndo inayofanya blackjack iwe tofauti na mashine na ruleti. Karata zilizotoka hazirudi mpaka zichanganywe upya, na 10 na ree zikibaki nyingi wewe unafaidika, blackjack zinaongezeka na zinakulipa wewe moja na nusu wakati dila hapati hiyo nyongeza, halafu dila mwenye 16 lazima aombe wakati wewe unatulia.

Namna inayotumika zaidi ni rahisi kueleza. 2 mpaka 6 zikitoka ongeza 1, 7 mpaka 9 acha, 10, J, Q, K na ree toa 1. Unabeba hesabu kichwani tangu pakiti mpya zianze. Halafu unagawa kwa pakiti zilizobaki, ukiwa na 6 juu na zimebaki pakiti tatu, hesabu yako halisi ni 2. Kila 1 ya hesabu halisi inakusogeza kama asilimia 0.5, kwahiyo kwenye 1 mko sawa na kasino, kwenye 2 umeanza kuwa na faida kidogo, hapo unapandisha dau, ikiwa chini unarudi kwenye dau la chini. Kwenye 3 hata ile bima niliyokukataza inaanza kulipa.

Ila usidhani ni kitonga. Faida ya mhesabuji mzuri ni kama asilimia 1 hivi, anahitaji mtaji mnene na uvumilivu wa kuliwa wiki nzima huku yuko sahihi, na ukikosea hesabu mara chache tu kwa saa umeirudisha yote. Kuhesabu kwa kichwa sio kosa la jinai Marekani, ila kasino sehemu nyingi zinaweza kukuambia uondoke au ucheze mchezo mwingine. New Jersey mahakama kuu iliamua 1982, kwenye kesi ya Ken Uston, mhesabuji karata maarufu, kwamba kasino haziwezi kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu, nazo zikajibu kwa kuchanganya karata mapema. Kutumia simu au kifaa chochote ni habari nyingine, Nevada ni kosa tangu 1985, usijaribu.

Na haifanyi kazi popote ambapo karata zinachanganywa muda wote. Zile mashine zinazomeza karata zilizotumika na kuzirudisha hapo hapo, hamna cha kuhesabu. Blackjack ya mtandaoni inayoendeshwa na programu nayo kila raundi ni pakiti mpya, tumia jedwali tu, na angalia sana kasi, kule unaweza kucheza mamia ya raundi kwa saa bila kujua, dau liwe dogo kuliko la mezani.

Mezani penyewe

Hela weka juu ya meza, usimpe dila mkononi, hapokei. Karata zikiwa zimefunuliwa usiziguse, na dau usiliguse tena karata zikishaanza kugawiwa. Kuomba unagonga meza kwa kidole, kutulia unapitisha kiganja juu ya karata zako, kudabo unaweka chipu pembeni ya zile za kwanza unaonyesha kidole kimoja, kutenganisha vidole viwili. Kusema kwa mdomo hakutoshi, kamera ya juu inaona mikono haisikii. Vinywaji vya bure navyo vina kazi yake, havijaletwa kwa upendo.

Kufanya mazoezi chukua pakiti ya karata za kawaida, funua moja iwe ya dila, jigawie mbili, sema jibu kwa sauti kabla ya kuangalia jedwali. Usicheze raundi mpaka mwisho, unapoteza muda, toa uamuzi tu, kusanya, gawa tena. Ukitaka haraka zaidi chomoa kwa makusudi karata zinazotengeneza 12 mpaka 16 uzirudie hizo mpaka jibu lije bila kufikiri, halafu hamia kwenye zenye ree, jozi ziweke mwisho.